Joginder Singh: Mwana wa Kericho aliyeitwa Simba

Safari Rally ikikaribia, Naivasha hujaa hadi pomoni. Vijana hutoka Nairobi kwa misafara ya Subaru, muziki juu, mahema nyuma ya gari, na ukiwauliza nani mkali wa mwaka huu watakutajia madereva wa ulaya mmoja mmoja. Sasa hebu waulize swali lingine: nani alikuwa dereva wa kwanza kabisa kushinda Safari mara tatu? Wengi watakuna kichwa. Ukiongeza kwamba mtu huyo alizaliwa Kericho, kule kwenye majani chai, baadhi watadhani unawachezea akili.

Jina lake ni Joginder Singh. Wazee wetu walimjua zaidi kama Simba. Alikuwa Kalasinga mwenye kilemba, mtoto wa fundi wa gereji, na kwa karibu miaka ishirini hakuna Pasaka iliyopita Kenya bila jina lake kutajwa redioni. Lakini ukimkumbuka kwa vikombe tu utakuwa umemsoma nusu. Alikimbiza magari wakati nchi nzima ilikuwa inabishana kuhusu jambo zito kuliko mbio: Mkenya ni nani, na nani aondoke.

Mji wa chai na spana

Joginder alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932. Kericho ya wakati huo ilikuwa changa. Miaka kumi na michache tu nyuma, serikali ya kikoloni ilichukua sehemu kubwa ya ardhi ya Wakipsigis na kuwagawia maafisa wa jeshi la Uingereza waliojeruhiwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ati walime kitani. Mradi ule ulifeli haraka. Badala ya ardhi kurudi kwa wenyewe, mnamo 1924 na 1925 zikaja kampuni kubwa za chai, Brooke Bond na ile ya James Finlay. Hapo ndipo vilima vya Kericho, pamoja na upande wa Bomet ambao siku hizo ulikuwa ndani ya wilaya hiyohiyo, vilipoanza kuvaa ile kijani unayoiona leo ukipita na matatu kuelekea Kisumu au Sotik.

Chai ni zao lisilosubiri. Jani likichumwa asubuhi lazima lifike kiwandani siku hiyohiyo, la sivyo linaharibika. Na chai iliyokauka lazima ifike kwenye reli, ambayo haikupita Kericho mjini bali kule Lumbwa, panapoitwa Kipkelion sasa. Kwa hivyo kila kitu kilitegemea malori. Na Kericho, kama unavyoijua, mvua hunyesha karibu kila alasiri. Barabara zilikuwa za udongo. Lori lingeteleza, lingezama, springi ingekatika, na mtu lazima awepo wa kulifufua.

Mtu huyo mara nyingi alikuwa Kalasinga. Masingasinga wengi waliokuja Afrika Mashariki walikuwa mafundi: maseremala, wahunzi, waashi. Wa kwanza walikuja na ujenzi wa reli kutoka Mombasa, kati ya 1896 na 1901, na wengine wakawafuata wakitafuta riziki. Hata hilo neno Kalasinga linatokana na jina la mtu, Kala Singh, mfanyabiashara wa siku za mwanzo za Nairobi ambaye jina lake liligeuka la jamii nzima. Baba yake Joginder, Sardar Battan Singh, alikuwa wa kundi hilo la mafundi. Alitoka Punjab katika miaka ya 1920 akafanya kazi ya gereji, kwanza Kericho na baadaye Nairobi.

Kijana Joginder akakulia hapo, katikati ya oili, spana na injini zilizofunguliwa. Kabla hajajifunza kukimbiza gari alijifunza kwa nini gari hufa. Shika hilo jambo, tutalirudia.

Kila jamii na uwanja wake

Kwa kijana wa Kihindi wa miaka ile, mchezo wa heshima ulikuwa kriketi. Kenya ya wakoloni ilicheza kriketi kwa bidii, lakini ilicheza kwa rangi. Tangu 1910 kulikuwa na mechi ya kila mwaka kati ya maafisa wa serikali na walowezi, Wazungu kwa Wazungu. Mwaka 1933 ikaanzishwa nyingine, Wazungu dhidi ya Waasia, na hata hapo ukabaki upande ule au huu. Nairobi, Wasikh walikuwa na klabu yao, Waislamu yao, Wagujarati yao. Huku mashambani, klabu za mameneja wa chai zilikuwa za Wazungu. Mwafrika aliingia akibeba sinia au akikata nyasi.

Uwanja una ua na geti, na mwenye geti ndiye anayeamua nani aingie. Barabara je? Barabara ya marram kati ya Nakuru na Kampala haikuwa na geti. Ukiwa na gari na ada ya kujiandikisha, matope yangekupokea sawa na mwingine yeyote. Sio kwamba kila mtu alikuwa na gari, la hasha. Ila kwa mtoto wa gereji, huo ulikuwa mlango.

Safari yenyewe ilianza 1953 kama mbio za kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Wazo lilitoka kwa Eric Cecil na wenzake, watu waliochoka kuzunguka uwanja mmoja kama punda wa kinu. Wakasema, kwa nini tusizunguke nchi nzima? Kenya, Uganda na Tanganyika zikawa uwanja. Baada ya miaka michache mbio zikahamia Pasaka, ambapo mvua za masika huanza kumwagika, na hilo halikuwa bahati mbaya. Waandaaji walitaka matope.

Usifikirie rally ya leo, ambapo barabara hufungwa, gari likapita mbio kwa dakika chache kisha helikopta ikafuata. Safari ya zamani ilikuwa kama kilomita 5,000, usiku na mchana, kwenye barabara za kawaida zenye ng'ombe, mabasi na watu wanaotoka kanisani. Kila kituo kilikuwa na saa yake ya kufika. Ukichelewa dakika moja unahesabiwa alama ya adhabu. Mwisho wa siku, aliyekusanya adhabu chache ndiye mshindi. Kasi ilisaidia, lakini kwanza ufike. Miaka mingine ilikuwa noma kabisa: mwaka 1963 na tena 1968, magari saba tu ndiyo yaliyomaliza.

Ndiyo maana viwanda vikubwa vya Ulaya vilituma madereva wao bora mwaka baada ya mwaka na kurudi mikono mitupu. Tangu 1953 hadi 1971 hakuna dereva wa kutoka ng'ambo aliyeshinda Safari. Wa kwanza alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972. Kabla ya hapo ilikuwa mali ya wenyeji, watu waliojua kwamba mto mkavu saa kumi jioni unaweza kuwa bahari saa mbili usiku.

Gari kuukuu, namba moja mlangoni

Mwaka 1958 Joginder aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kama mpiga doria wake wa kwanza wa barabarani. Kazi yake ilikuwa kuzunguka akiwasaidia waliokwama. Kwa mtu aliyetaka kuwa dereva wa Safari, hiyo ilikuwa shule ya kulipwa. Unajifunza kila kona, kila daraja bovu, kila mahali ambapo udongo mwekundu unageuka sabuni. Wakati huohuo akaanza kushiriki mbio, akiwa na umri wa miaka 26 hivi, umri ambao madereva wa leo tayari wana mikataba.

Ikaja Pasaka ya 1965. Joginder na mdogo wake Jaswant, aliyekuwa mwelekezi wake, walijiandikisha na Volvo PV544. Tuelewane hapa. Hiyo gari haikuwa ya kujivunia. Umbo lake lilitokana na muundo wa miaka ya 1940, mgongo wa mviringo kama kobe, na mwaka huohuo kiwanda kiliacha kuitengeneza kabisa. Tena haikuwa mpya. Ilikuwa gari ambalo kampuni ililileta kwa mashindano ya awali, ndugu hawa wakalinunua likiwa limeshatumika. Kwa lugha ya leo, mtumba. Wakalifungua, wakalikagua, wakalifunga tena wenyewe.

Kura ya kuanza ikawapa namba 1. Anayeanza wa kwanza hali vumbi la mtu, na hilo ni jambo kubwa kwenye barabara za ukame. Lakini pia ndiye anayekutana na matope kabla hayajapitiwa na mwingine, hana alama ya tairi ya kufuata. Faida na hasara kwenye bahasha moja.

Walirudi Nairobi wakiwa mbele kwa tofauti ya dakika 100. Saa moja na dakika arobaini! Leo Safari huamuliwa kwa sekunde. Magari mapya ya viwanda, yenye mafundi wa kuletwa na ndege za kubeba vipuri, yaliachwa nyuma na gari kuukuu la ndugu wawili. Siri yao haikuwa ya kichawi. Joginder alijua kusikiliza injini. Alijua lini kukanyaga na lini kulegeza, kwa sababu alikuwa ameshaona gereji ikijaa magari ya watu wasiojua kulegeza.

Kabla yake, kila aliyeshika usukani hadi ushindi wa Safari alikuwa Mzungu. Yeye ndiye Mwasia wa kwanza. Na watu wa barabarani, Waafrika waliosimama kwenye kingo za barabara kutoka Mombasa hadi Kampala, wakampa jina la Kiswahili: Simba.

Mwaka wa kuamua

Sasa weka ushindi huo kwenye kalenda. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Katiba ilisema kwamba mtu aliyezaliwa Kenya, na mzazi wake mmoja akiwa amezaliwa Kenya, ni raia papo hapo. Lakini wale ambao wazazi wao wote walizaliwa ng'ambo walipewa miaka miwili waombe uraia, hadi tarehe 12 Desemba 1965. Sensa ya 1962 ilihesabu Waasia takriban 176,000 nchini, na wengi wao walikuwa katika hali hiyo hasa: wamezaliwa hapa, wamesomea hapa, lakini kwa karatasi bado hawajawa wa hapa.

Kwa hiyo Pasaka ile, ndugu wa Singh walipovuka mstari wa mwisho, ilikuwa imebaki miezi minane tu. Katika kila duka la Biashara Street na kila gereji ya Kericho, familia zilikuwa zikibishana mezani. Tuchukue uraia wa Kenya au tushike pasipoti ya Uingereza? Tukichukua, je, tutakubalika kweli? Wengi walisita. Na Waafrika wengi nao walikuwa na manung'uniko yasiyo ya uongo. Chini ya mkoloni, Mwasia alikuwa juu yao kwa ngazi moja: ndiye mwenye duka, karani, fundi mkuu. Mwafrika aliyetaka leseni ya biashara au mkopo alikuta nafasi zimejaa. Uhuru usingekuwa na maana kama ngazi ile ingebaki vilevile.

Ushindi wa Safari haukutatua hilo. Hakuna kikombe kinachoweza. Lakini fikiria kijana wa Kipsigis wa 1965 aliyesimama Kericho akishangilia Volvo yenye namba 1. Anamshangilia nani? Sio mwenye duka. Anamshangilia mtu wa kwao, aliyezaliwa mji wake, aliyewashinda wageni. Kwa siku nne za Pasaka, jibu la lile swali la uraia lilikuwa wazi barabarani kuliko lilivyokuwa ofisini.

Ndege zikiondoka, yeye akibaki mbioni

Mwaka 1967 Bunge la Kenya lilipitisha sheria mbili, ya uhamiaji na ya leseni za biashara. Asiye raia alihitaji kibali cha kufanya kazi, na maeneo mengine ya biashara yakafungwa kwake. Familia zikaanza kuuza vitu kwa bei ya kutupa. Mapema 1968 ndege za kwenda London zilijaa Waasia wa Kenya kiasi kwamba Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya haraka, ikaanza kutumika tarehe 1 Machi 1968, kuwazuia watu waliokuwa na pasipoti za Uingereza yenyewe. We jiulize: huku unaambiwa si wako, kule unaambiwa usije. Wako waliobaki wakirukishwa kutoka uwanja mmoja wa ndege hadi mwingine kama mpira.

Katika miaka hiyohiyo, Joginder aliendelea kujitokeza kila Pasaka. Mwaka 1969 alimaliza wa pili akiwa na Volvo 142S. Mwaka 1970 akawa wa pili tena, safari hii na Datsun. Mashabiki wakaanza kumwona kama yule mtu wa karibu-ashinde. Umri ulikuwa unasonga, magari ya viwanda yalikuwa yanazidi kuwa makali, na mwaka 1972 ngome ya wenyeji ikavunjwa na Mikkola.

Mwaka huohuo, Agosti, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Kati ya familia zilizokimbia ilikuwemo ya kijana dereva Shekhar Mehta, ambaye alihamia Kenya. Pasaka ya 1973, mkimbizi huyo akashinda Safari. Yeye baadaye angeshinda jumla ya mara tano. Kwa namna fulani mbio hizi zilikuwa zimegeuka kuwa mahali ambapo watu waliokataliwa na serikali walishangiliwa na wananchi.

Mitsubishi na uzee wa dhahabu

Mwaka 1974 Joginder alikuwa na miaka 42. Alikuja na Mitsubishi Colt Lancer ya injini ndogo, 1600, gari ambalo wengi hawakulipa nafasi, akiwa na mwelekezi David Doig. Mbele yake alikuwepo Björn Waldegård wa Sweden na Porsche 911, gari ambalo hata likiwa limeegeshwa linaonekana linakimbia. Safari ilipomalizika, Lancer ilikuwa ya kwanza na Porsche ya pili. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika ubingwa wa dunia wa rally. Zile Lancer Evolution ambazo vijana wa Nairobi walizipenda miaka mingi baadaye, ukoo wao una mizizi kwenye matope yetu, mikononi mwa mwana wa Kericho.

Miaka miwili baadaye, 1976, akarudia, tena na Doig. Mara hii Mitsubishi zilishika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Simba akawa dereva wa kwanza katika historia kushinda Safari mara tatu.

Lakini takwimu inayomweleza vizuri zaidi ni nyingine. Katika maisha yake alianza Safari mara 22 na kumaliza mara 19. Katika mbio ambazo zaidi ya nusu ya magari yaliachwa njiani kama mizoga, yeye alikosa kufika mara tatu tu. Wapo waliokuwa na kasi kuliko yeye. Hakuna aliyejua kufika kama yeye. Lile somo la gerejini, la kujua kwa nini gari hufa, ndilo lililomlipa hadi mwisho.

Alichotuachia

Joginder Singh alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na miaka 81. Safari yenyewe ilikuwa nje ya ubingwa wa dunia wakati huo, tangu 2002, na haikurudi hadi 2021, ikiwa fupi, barabara zikiwa zimefungwa, makao yake Naivasha.

Tusipambe historia. Mlango aliofungua ulikuwa mwembamba. Mbio za magari zilibaki mchezo wa wenye gereji na wenye wadhamini, na Waafrika wengi walibaki kwenye kingo za barabara, wakisukuma magari yaliyokwama kwa malipo ya shukrani. Ardhi ya Kericho na Bomet iliyochukuliwa na mashamba ya chai bado ni kesi isiyokwisha hadi leo. Na uraia ni swali ambalo watu wengi nchini, sio Waasia peke yao, wanaendelea kuulizwa kwenye madirisha ya ofisi za vitambulisho.

Hata hivyo, mwaka 2017 serikali iliwatambua Waasia wa Kenya rasmi kama kabila la 44. Ilichukua zaidi ya miaka hamsini tangu uhuru kuandika hivyo kwenye karatasi. Waliosimama kando ya barabara Pasaka ya 1965, miguu kwenye matope na mvua kichwani, walishamaliza kazi hiyo. Waliona gari kuukuu likipita mbele ya wote, wakamwona dereva mwenye kilemba, na wakachagua jina la kumwita kwa lugha yao wenyewe.